Haja za Mwananchi

Kitendawili. Haya, niitikieni basi, hata kwa uvivu. Nina nguo yangu, nikiivaa nachekwa, nikiitandika chini inapigiwa saluti. Fikirini polepole, sina haraka. Na mkishindwa msinipe mji kama ilivyo desturi, kwa sababu miji yote ya nchi ninayotaka kuwasimulia ilishagawiwa, na hao waliogawiwa hawajafika hata kuiona.

Nchi yenyewe siitaji. Haiko mbali, haiko karibu. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja ya lami itokayo uwanja wa ndege hadi Ikulu bila kukata kona yoyote, ili mgeni asije akaona kitu. Mkuu wake aliitwa Mtukufu Mwenyenchi. Alikuwa mtu mwema. Redio ilisema hivyo kila asubuhi kabla ya matangazo ya vifo, na redio ilikuwa moja.

Basi wajukuu zangu, Mtukufu Mwenyenchi aliletewa zawadi na mgeni wa nje. Zawadi ilikuwa mbwa, bado mdogo, mweupe kama pamba ya kujazia mto. Mawaziri wakakaa kikao kumtafutia jina. Mmoja akasema aitwe Simba, akaulizwa kwa nini anataka Ikulu iwe na simba wawili, na tangu hapo hakuwa waziri. Mwishowe Mtukufu mwenyewe akaamua.

"Mwiteni Mwananchi," alisema. "Watu wa nje wananilaumu kwamba siko karibu na mwananchi. Sasa atalala mlangoni kwangu."

Kuanzia siku ile habari zikawa njema. Redio ilisema: Leo mchana Mtukufu amekula pamoja na Mwananchi. Ilisema: Mtukufu amempakata Mwananchi. Ilisema: Mwananchi amepewa maziwa, akashiba, akalala. Hapakuwa na uongo hapo. Neno mbwa tu ndilo halikutajwa, maana kumwita mbwa wa Mtukufu mbwa ni matusi. Na redio haina herufi kubwa. Ukisikia, umesikia.

Watu walisikiliza huku wakichambua mchele. Mimi sisemi waliamini, wala sisemi hawakuamini. Walikuwa wanachambua mchele.

*

Katika Mtaa wa Vumbini alikuwepo fundi cherehani, Fundi Shomvi, na mkewe Bi Sikujua. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, kwa sababu muda mwingi mdomo wake ulikuwa umebana pini. Siku ya mkutano wa mtaa alikaa nyuma, anapinda suruali ya mteja. Mwenyekiti akasimama akatangaza kwamba Mwananchi sasa anakula nyama asubuhi na jioni. Watu wakapiga makofi, makofi yale ya kupigwa huku mtu anawaza mambo mengine.

Fundi Shomvi akatoa pini mdomoni. "Mwananchi yupi?" akauliza.

Ni hilo tu. Akarudisha pini akaendelea kupinda.

Jioni gari likaja. Kosa lake wakalisoma hapo hapo mlangoni: kumtilia Mwananchi shaka. Wakaondoka naye akiwa na fulana ya ndani na kandambili moja, shati lake limebaki kwenye kiti cha cherehani, halina kifungo cha kifuani. Mnajua mafundi. Anashona nguo za mtaa mzima, lake halishoni.

Bi Sikujua akaenda kituo cha polisi. Wakamwambia hayupo hapa. Akaenda gereza. Hayupo. Akaenda hospitali, wakafungua chumba cha baridi wakatazama, wakamwambia hayupo, mama, ushukuru. Akashukuru. Akarudi nyumbani akafagia baraza. Jirani yake Nyamizi akaja na sahani ya viazi, akamkuta anafagia pale pale alipokwisha kufagia.

"Shoga, lia basi kidogo."

"Nitalia," alisema Bi Sikujua. "Nikimaliza hapa."

*

Sasa turudi Ikulu. Mwananchi alikuwa mdogo, na mdogo ana haja zake. Leo anakojoa juu ya zulia waliloletewa na nchi hii, kesho anakojoa juu ya zulia waliloletewa na nchi ile, na mabalozi wakaanza kuhesabiana. Ndipo ilipoundwa Wizara ya Haja, akateuliwa Mheshimiwa Tandabelua kuwa Waziri. Akasafiri ng'ambo kujifunza, akarudi na mtaalamu, na masanduku ya vitambaa.

Mmekitegua kitendawili? Ndivyo hivyo vitambaa. Kila kimoja ukubwa wa mkeka wa mtoto. Juu kinanyonya, katikati kinashika, chini kina mpira usiopitisha maji. Mbwa anafundishwa kukojoa hapo ndani ya nyumba, kisha kitambaa kinafuliwa, kinaanikwa, kinatandikwa tena. Kitu kizuri tu. Walinzi wakaamriwa kukipigia saluti, kwa kuwa ni mali ya Ikulu.

Usiku huo Mheshimiwa Tandabelua akalihutubia taifa.

"Ndugu zangu! Serikali yenu sikivu imetambua kwamba Mwananchi ana haja. Ana haja ndogo, ana haja kubwa. Zamani haja hizi zilimwagwa ovyo, hata mbele za wageni. Hiyo ilikuwa aibu. Kuanzia leo Mwananchi ametandikiwa kitambaa maalumu ndani ya Ikulu. Haja yake ataiweka pale. Haitavuja, haitanuka, wala haitamfikia mtu yeyote. Kitambaa kitafuliwa, na tutaanza upya. Huo ndio utawala wa kisasa!"

Nyamizi akazima redio. "Umesikia, Sikujua? Kuna kitambaa cha kuwekea haja."

"Nimesikia."

"Mimi bati langu limetoboka tangu masika ya mwaka juzi."

"Mimi nina shati," alisema Bi Sikujua.

Asubuhi foleni ilitoka lango la Ikulu ikafika lami, ikaifuata lami. Mlinzi akatoka na bunduki yake.

"Mmekuja kufanya nini hapa?"

"Tumeleta haja," wakamjibu.

"Haja gani?"

"Zetu. Redio imesema."

Mlinzi akaingia ndani kuuliza, aliyeulizwa naye akaenda kuuliza, mpaka swali likafika kwa Mtukufu Mwenyenchi akiwa anakata kucha za Mwananchi. Mtukufu akasema watu waambiwe ukweli, kwamba Mwananchi ni mbwa. Mheshimiwa Tandabelua akainamisha kichwa.

"Ni wazo tukufu, Mtukufu. Sasa nani atalitamka hilo neno?"

Akatafutwa wa kulitamka, hakupatikana. Mpishi aliulizwa, akasema yeye ana watoto.

"Basi wapeni na wao kitambaa," alisema Mtukufu. "Si vipo vingi?"

*

Wakapangwa mstari, haja ndogo kulia, haja kubwa kushoto. Mheshimiwa akatoa mwongozo: haja isiyoonekana haiwezi kufuliwa, kwa hiyo kila mtu aje na kitu. Mwenye mgonjwa akaleta chupa tupu ya dawa. Mwenye shamba lililochukuliwa akaleta jembe. Nyamizi alikuwa na bati lake kichwani, na jua lilipita kwenye tundu likamchora duara begani.

Ndani alikuwepo karani, msichana wa adabu aitwaye Mwajabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Haja yako ndogo au kubwa?"

"Kubwa."

Karani akavuta kiti nyuma kidogo. Alikuwa amefundishwa na mtaalamu, na mafunzo yenyewe hayakutofautisha.

"Umekuja nayo, bibi, au bado haijakushika?"

"Nimekuja nayo."

"Iweke basi, katikati, usiguse ukingo."

Bi Sikujua akalitandika shati juu ya kitambaa.

"Bibi, hili ni shati."

"Namtaka mwenyewe."

Karani akalitazama shati, akamtazama bibi. Kisha akakumbuka kazi yake, akapiga makofi. "Vizuri sana! Mzuri wewe! Umeweka mahali penyewe!" Akampa biskuti. Ndivyo mtaalamu alivyoelekeza: akipatia asifiwe papo hapo, akikosea asipigwe wala asikaripiwe, afutiwe tu kwa dekio kimya kimya. Watu waliliona hilo ni jambo la shukrani, maana zamani walikuwa wanapigwa.

Nje Nyamizi aliigeuza biskuti yake. "Mbona imechorwa mfupa?"

"Kula tu. Ya serikali."

Wakala. Ilikuwa ngumu, haina sukari.

Juma lililofuata waliitwa kuchukua. Chupa ya dawa ilirudi imesuguliwa inang'aa, tupu. Jembe limetakata. Bati la Nyamizi lilikuwa limeoshwa kutu yote, na tundu lake sasa lilionekana vizuri zaidi. Shati la Fundi Shomvi lilikuwa limefuliwa, limekunjwa.

"Haja zenu zimeshughulikiwa," alisema karani.

Bi Sikujua akalinusa. Lilinuka mbwa. Sabuni iliyotumika haikuwa na manukato, kwa sababu mtaalamu alisema harufu kidogo ibakizwe, ili Mwananchi akumbuke mahali pa kurudi.

Na kweli watu walirudi. Si kwamba walipata kitu. Hapakuwa na pengine pa kwenda.

Mara ya pili Bi Sikujua alipoweka shati lake, mlango wa ndani ukafunguka, mbwa mweupe akatoka na mkufu wa dhahabu shingoni, mlinzi nyuma yake. Akalinusa shati. Akazunguka, akazunguka tena, akachutama, akalikojolea. Foleni nzima ikatazama. Mlinzi akapiga saluti.

"Bibi!" Karani alinong'ona, macho yamemtoka. "Mwananchi mwenyewe ameipitia haja yako!"

"Kumbe ndiye huyo," alisema mtu nyuma. Foleni ikasogea.

*

Shati liliporudi lilikuwa na kifungo.

Bi Sikujua alikigundua nyumbani, akianika. Kifungo cha kifuani, kile ambacho hakikuwepo. Hakikufanana na vingine, kilikuwa cha kaki, cha nguo za askari. Lakini uzi ulikuwa umezungushwa shingoni mwa kifungo kama mtu anavyofunga kuni, na mwisho wake ulikatwa kwa meno, unyuzi umechanuka. Bi Sikujua alikuwa amemkanya Fundi miaka yote aache kukata uzi kwa meno, atayamaliza.

Akakaa chini kwenye majani. Nyamizi akamkuta hapo.

"Kuna nini?"

"Ana meno bado," alisema Bi Sikujua.

Kesho yake alimsubiri karani akitoka kula. "Mwanangu, nguo hizi zinafuliwa wapi?"

Mwajabu akatazama kushoto na kulia. "Nyuma, bibi. Wanafua wageni wa serikali."

Wageni wa serikali, wajukuu zangu, mnawajua, wale wanaofuatwa na gari jioni. Kitendawili: watu wangu mikono inaoga mchana kutwa, miili haijaona maji. Ndio hao.

"Wanakula?"

"Wanaofua wanakula."

"Na wasiofua?"

Karani akafungua mfuko wake. "Chukua biskuti, bibi," alisema.

Tangu hapo Bi Sikujua hakuomba tena arudishiwe mtu. Alikuwa anapeleka shati lichafuke, lifuliwe, lirudi. Juma moja lilirudi kola imegeuzwa, ule upande uliochakaa umeingia ndani, mzima umekuja juu. Hakuna aliyeagiza. Alilimulika kwa taa, akatazama mishono, akalilaza kitandani upande wa ukutani. Yeye akalala upande wa mlangoni, kama siku zote.

*

Lakini mafunzo yana mwisho wake, na mtaalamu alikuwa hodari. Kitambaa kilianza chumbani kwa Mtukufu. Kikasogezwa sebuleni. Kikasogezwa koridoni, kikafika baraza, kikashuka ngazi. Kila kiliposogezwa, foleni nayo ilirudi nyuma.

Mheshimiwa Tandabelua alifafanua redioni. "Lengo letu ni Mwananchi aelewe kwamba haja si mambo ya ndani. Zipo nchi ambazo Mwananchi wao amezeeka na bado anategemea kitambaa! Wetu siku moja atatoka nje, na huko nje atajisaidia mwenyewe, na serikali haitakuwa na habari!"

Siku hiyo ikafika. Mwananchi alisimama mlangoni, akabweka, akafunguliwa, akaenda kwenye nyasi. Mizinga ikapigwa. Redio ikatangaza kwamba nchi imekuwa ya kwanza ambayo Mwananchi wake hana haja, na ikatangazwa sherehe ndani ya Ukumbi Mkuu, kwenye zulia jipya.

Mwajabu mwenyewe alikwenda Vumbini kumwita Bi Sikujua.

"Umechaguliwa, bibi. Kwa sababu Mwananchi aliipitia haja yako. Utasimama mbele useme maneno matatu tu: haja yangu imekwisha. Uje na shati, wapige picha."

"Na vitambaa?"

"Vitachomwa baada ya sherehe."

"Na chumba cha kufulia?"

"Kinafungwa."

"Na wanaofua?"

Msichana wa watu akakaa kwenye kiti cha cherehani, akainuka haraka kama kimemchoma. "Bibi, wale hawatajwi popote. Kikifungwa chumba, kimefungwa chumba."

Bi Sikujua akamkaribisha chai. Mwajabu akanywa hata haikupoa.

*

Ukumbi ulijaa. Mabalozi mbele, mawaziri nyuma yao, watu wa haja nyuma kabisa. Mwananchi alikalishwa kwenye kiti chake karibu na Mtukufu Mwenyenchi, amevaa koti dogo la bluu lenye nembo ya taifa. Watu walimwona wote. Hakuna aliyeshtuka. Wengine walimpigia makofi kwa sababu alikuwa amekaa vizuri.

"Waheshimiwa!" Mtukufu alianza. "Walisema Mwananchi wetu hafundishiki. Walisema atachafua daima. Leo mtazameni! Amekunywa maziwa bakuli zima tangu alfajiri, na yuko hapa ndani, ametulia, hana haja! Hana haja ndogo! Hana haja kubwa! Taifa lililomaliza haja za Mwananchi limebakiza nini?"

"Hakuna!" ukumbi ukaitikia.

Bi Sikujua akaitwa. Alitembea polepole, magoti yanamsumbua. Alipofika mbele hakwenda kwenye kipaza sauti. Aliinama, akalitandika shati juu ya zulia, mbele ya miguu ya Mtukufu, akainyoosha mikono ya shati huku na huku kama anamlaza mtu. Mawaziri wakadhani ni heshima, wakapiga makofi.

Mwananchi akainua pua.

Akashuka kitini. Akalinusa shati, kola, kifua, kwapa. Akazunguka. Mtaalamu, kule pembeni, akafumba macho. Mbwa akazunguka tena, akachutama na koti lake la bluu, na maziwa ya tangu alfajiri yakatoka. Yalitoka kwa muda mrefu. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na redio ilikuwa hewani, kwa hiyo nchi nzima ilisikia, hata waliokuwa jikoni.

Hakuna aliyecheka.

Mtukufu Mwenyenchi alimtazama Mwananchi. Kisha akamtazama Mheshimiwa Tandabelua. Mheshimiwa alikuwa na mke, na nyumba kwenye ile barabara ya lami, na kichwa chake siku hiyo kilifanya kazi kuliko miaka yote ya uwaziri wake. Akaruka kwenye kipaza sauti.

"Imani!" alipiga kelele. "Mabibi na mabwana, mmeshuhudia imani! Mwananchi angeweza kwenda nje. Anajua njia! Lakini amechagua kuleta haja yake hapa, kwenye miguu ya Mtukufu! Bado ana haja na serikali yake! Nani anathubutu kumnyang'anya kitambaa?"

"Hakuna!" ukumbi ukaitikia.

Mtukufu akapiga makofi, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Mabalozi wakasimama. Mpango wa vitambaa ukaongezwa muda, na muda wenyewe haukutajwa, na chumba cha kufulia kikaagizwa kifue usiku na mchana. Walinzi wawili wakalibeba shati kwa ncha za vidole, mmoja kila upande, wakalipeleka nyuma.

Karani Mwajabu alimfuata Bi Sikujua hadi langoni. Alitaka kusema neno. Akampa biskuti.

*

Nyamizi alikuwa anamsubiri barazani na redio mkononi.

"Nimesikia yote. Sikujua, wewe ungeweza kuuawa pale!"

"Ningeweza."

"Sasa umefurahi?"

Bi Sikujua alifikiri. "Sijui, shoga. Miguu inauma."

Akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa suruali ya Fundi Shomvi ya sikukuu, ya kijivu, nzima kabisa, haijavaliwa hata mara mbili. Akakaa mlangoni penye mwanga. Akachukua wembe akaanza kufumua pindo, mshono mmoja mmoja, taratibu, asije akakata kitambaa.

"We mwanamke!" Nyamizi alisema. "Unaharibu nguo nzima!"

"Kesho inakwenda kufuliwa," alisema Bi Sikujua, akapuliza nyuzi, akageuza mguu wa pili. "Fundi asikae bure."